Mashine ya Kyakimwa na Maji ya Marie-Jeanne

Hebu umwone kwanza anavyofika. Ni alasiri, pale magari ya Beni yanaposhushia watu mjini Butembo. Lori la mbao limesimama na vumbi lake halijatua. Anashuka mwanamke wa makamo, polepole, mguu mmoja, kisha fimbo, kisha mguu wa pili. Kitenge chake kimekunjwa vizuri kama cha mtu anayetoka misa. Mikononi hana kitu kingine. Anageuka, anaangalia juu ya mbao, anawaambia vijana wa lori kwa sauti ya mtu anayekabidhi mtoto mchanga:

“Muishushe pole-pole. Isigonge.”

Kinachoshushwa kimefungwa katika blanketi na kukazwa kwa kamba. Ni kizito, vijana wawili wanaguna. Msukuma chukudu anasogeza karibu chombo chake cha mbao cha magurudumu mawili, maana ameshanusa kazi.

“Mama, hii ni nini? Moulin ya kusaga sombe?”

“Hapana.”

“Machine ya kushona?”

“Hapana. Ni machine ya mawe.”

Yule anaangalia wenzake, kisha anaangalia barabara. “Mais mama, Butembo mawe iko mingi. Ata bila machine tunajikwaa juu yake kila siku.”

“Hii inafanya jiwe ingae,” anasema yule mwanamke. “Funga vizuri, twende Mususa.”

Huyo ndiye Kyakimwa. Sasa tukae, nikueleze alivyofika pale na chuma kile.

Kyakimwa alikuwa muuza viazi. Kwa miaka mingi, siku za soko, alikwenda Musienene asubuhi, akanunua viazi kwa wakulima, akarudi na mfuko mgongoni, kamba yake imepita kwenye paji la uso, shingo imekaza. Ndivyo wanawake wa huku wanavyobeba. Ukikutana nao jioni kwenye mteremko wa Mususa, mtaa wake, wanaongea na kucheka chini ya mizigo, utadhani wamebeba pamba. Kisha, katika msimu wa mvua nyingi, pikipiki iliyokuwa ikimrudisha nyumbani iliteleza katika tope. Nyonga ikavunjika. Mfupa uliunga, lakini uliunga upande. Daktari alimwambia atatembea, na kwa hilo amshukuru Mungu, lakini mzigo basi.

Wewe unajua mwanamke wa kwetu asiyebeba anavyotazamwa. Hakuna aliyemtukana, hapana. Wanampenda. Kila anapoingia, mtu anainuka na kumpa kiti. Kwenye matanga, kiti. Wenzake wakimenya viazi vya harusi, wanamwambia mama pumzika, na kiti kinaletwa. Kyakimwa alichoka kupewa kiti. Mume wake alikuwa amekwisha kufa, binti yake wa pekee, Séphora, ameolewa Beni, na yeye alikuwa amerudi kuishi katika parcelle, kiwanja cha kaka yake mkubwa, Lusenge, mfanyabiashara wa maharagwe. Mke wa Lusenge anaitwa Marie-Jeanne. Huyo ndiye aliyekuwa akimchotea maji.

Basi Séphora akazaa, na Kyakimwa akaenda Beni kumwona mjukuu. Binti anakaa katika commune ya Ruwenzori, na ukuta kwa ukuta naye anakaa mzee anayeitwa vieux Abdias, aliyeng'arisha mawe ya watengeneza pete tangu ujana wake. Mchana, mtoto akilala, Kyakimwa alikwenda kuketi barazani kwa huyo mzee. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alipewa kiti na hakukichukia, kwa sababu mwenye nyumba naye alikuwa ameketi, tena yuko kazini. Kazi yenyewe inafanywa hivyo. Mtu anaketi.

Mashine ile si vigumu kuieleza. Pembeni kuna mota ndogo. Mkanda unatoka kwenye mota na kuzungusha sahani ya chuma iliyolala ndani ya beseni. Juu yake linaning'inia kopo lenye tundu, linadondosha maji juu ya sahani, maana jiwe likisuguliwa kavu linapata moto na kupasuka. Maji yanajikusanya katika beseni, yanashuka kwa mrija, yanaanguka ndani ya ndoo. Jiwe limegandishwa kwa nta kwenye kijiti, unakishika kama kalamu. Unaanza na unga wa chembe kubwa, ule unaokula jiwe na kulipa umbo. Unaosha sahani, unaweka unga mdogo zaidi. Kisha mdogo zaidi tena, kila mmoja ukifuta mistari ya uliotangulia. Mwishoni unavisha sahani ngozi, unapaka unga mweupe, na hapo jiwe linafunguka. Abdias alipenda neno hilo, linafunguka. Alimwonyesha moja, la rangi ya asali, na Kyakimwa akaona humo mti wa mparachichi wa uani, na bata wa mzee wakichezea tope lisilokauka pale karibu na mlango.

“Sasa mikono inanikataa,” Abdias alisema, na kweli vidole vyake vilitetemeka. “Batoto bangu banasema tuipelekee bale banayeyusha chuma, bafanye masufuria.”

“Usiwapatie.”

“Nimupatie nani, mama? Wewe?”

Alikuwa akitania. Kyakimwa hakutania. Alikuwa na mbuzi jike mwenye mimba aliyefugwa kwa Séphora, na walipomaliza kuongea, mbuzi alihamia upande wa pili wa ukuta.

Ndivyo alivyorudi Mususa na blanketi lake. Lusenge alizunguka ile mashine kama mtu anayepima ng'ombe wa jirani.

“Kyakimwa, ulienda kuona mujukuu, unarudi na chuma.”

“Mujukuu niliona, kaka. Iko muzima, iko na sura yako.”

“Na mbuzi?”

“Mbuzi ilibakia Beni.”

“Aha.” Lusenge aliinama akagusa sahani kwa kidole. “Inafanya kazi?”

“Kwa vieux Abdias ilikuwa inafanya.”

“Mimi siko nauliza habari ya kwa Abdias.”

Kyakimwa akamwomba chumba cha dépôt, ghala lake, kile chenye dirisha upande wa barabara na waya wa courant, umeme. Wakati ule kilikuwa kitupu. Si mtu mbaya, Lusenge. Ni mtu wa maharagwe. Kila mwaka, mavuno ya Musienene yakishuka, chumba kile kinajaa magunia mpaka juu, na ndicho kinacholisha nyumba nzima, Kyakimwa pia.

“Sikia,” alisema. “Kaa humo. Lakini siku maharagwe inafika, chumba ni ya maharagwe, na chuma inaenda kwa bale ba masufuria. Ila kama mbele ya ile siku unanionesha jiwe moja, moja tu, naona dirisha ndani yake, maharagwe nitaitafutia nafasi ingine.”

“Dirisha?”

“Dirisha hii. Na fito zake.”

Kyakimwa akakubali. Ilikuwa baada ya Pasaka tu, mvua bado inapiga bati, maharagwe bado majani mashambani.

Mwanzo ulikuwa wa kuchekesha. Mkanda wa mashine ulikatika siku ya kwanza. Akakata mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, akaufunga, ukashika. Jiwe la kwanza liliruka kutoka kwenye nta likagonga mlango. La pili vilevile, na Marie-Jeanne, aliyekuwa akipita na beseni la nguo, akaingiza kichwa.

“Wifi, sasa tupite na kofia ya chuma?”

“Nta haikupata moto muzuri.”

“Mi najua hiyo? Mi niliona tu jiwe inanitafuta.”

Kidogo kidogo mkono ulizoea. Alijifunza kwamba jioni, kila nyumba ikiwasha taa na pasi, courant inalegea na sahani inazunguka kwa uvivu. Kwa hiyo akafanya kazi asubuhi. Alijifunza kusikia: jiwe likishikwa vizuri linaimba sauti moja, likishikwa vibaya linalalamika. Alipata mawe kutoka kwa wachimba mchanga wa mtoni, waliomchagulia yanayopitisha mwanga, na mengine kutoka kwa wanawake wa soko la Musienene, rafiki zake wa zamani, waliokuta yanatoka shambani pamoja na viazi. Lililompendeza zaidi lilikuwa la rangi ya chai nyepesi, kubwa kama maharagwe mawili. Alilipa umbo la yai. Mistari mikubwa ikaisha, ya kati ikaisha. Akavisha sahani ngozi, akapaka unga mweupe, akasugua mpaka kidole kikafa ganzi. Akalipangusa, akalipeleka dirishani.

Liling'aa, ndiyo. Lakini mng'ao gani? Juu yake kulikuwa na nyuzi nyembamba, nyingi, zinazokimbia kila upande, kama uso wa sahani ya bati iliyosuguliwa kwa majivu miaka kumi. Dirisha lilionekana kama ukungu.

Akarudia tangu mwanzo. Nyuzi zikarudi. Akachukua jiwe lingine, nyuzi. Akamtumia Abdias sauti kwa simu, na mzee akajibu kwa upole wake wote. Alimuuliza kama anaosha sahani kila anapobadili unga. Anaosha. Kama anaruka hatua. Haruki. Kama anabonyeza sana. Habonyezi.

“Basi ni mukono, mama,” Abdias alisema. “Mukono itajua. Uvumilie.”

Kyakimwa akavumilia. Mvua zikapungua, kisha zikakatika. Majani ya maharagwe huko Musienene yakaanza kuwa manjano, na Lusenge, kila akitoka huko, alileta ganda moja mfukoni, analipasua mezani wakati wa chakula, anahesabu punje kimya. Kyakimwa alilielewa lile ganda vizuri.

Hapa inabidi nikueleze jambo la maji, maana bila hilo hutamwelewa.

Mususa ni mlima. Chemchemi iko chini bondeni, na bidon, dumu la maji, linapanda mgongoni, kwa kamba ileile ya kwenye paji la uso. Mwanamke aliyekua katika mteremko ule hamwagi maji hivihivi. Yaliyoosha mchele yanaosha vyombo. Yaliyosuuza nguo yanapiga deki, na yaliyopiga deki yanakwenda kwenye mgomba. Hakuna aliyefundishwa hivyo darasani. Ni mgongo unaofundisha. Na Kyakimwa, tangu nyonga ivunjike, hakuwa akitumia maji ya mgongo wake bali ya mgongo wa Marie-Jeanne. Kwa hiyo alikuwa mwangalifu mara mbili. Marie-Jeanne alimwekea bidon moja kila wiki, naye alijivunia kulifikisha mpaka misa ya Jumapili. Namna gani? Ndoo ya chini ikijaa, aliinyanyua, akamimina yaleyale kwenye kopo la juu, yakadondoka tena. Leo na kesho, unga mkubwa na unga mdogo, maji ni yale. Yalikuwa mazito na ya kijivu kama uji wa mtama, na yeye aliyaona ni maji mazuri tu, bado yana nguvu.

Siku moja Marie-Jeanne alikaa mlangoni mwa dépôt akimenya viazi na kumwangalia. Kyakimwa akanyanyua ndoo, akamimina juu.

“Wifi,” Marie-Jeanne alisema, “hii maji uliosha nayo jiwe juzi, ni yenyewe?”

“Ni yenyewe.”

“Na ile ya wiki iliyopita?”

“Iko pia ndani kidogo.”

Marie-Jeanne akacheka mpaka kisu kikasimama. “Donc wewe unaogesha batoto bote mu beseni moja, na mwenye alitoka mu tope ndiye unaanza naye. Mi hata viazi, nikiishaondoa udongo, ya mwisho nasuuza na maji safi. Sivyo tutakula mchanga.”

Alisema kwa utani, akarudi kwenye viazi vyake. Kyakimwa alizima mota. Alitia mkono ndani ya ndoo mpaka chini, akachota matope yaliyotulia, akayasugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Ulikuwa unga wa kwanza. Chembe zake kubwa alizitambua kama unavyotambua chumvi. Sahani aliiosha kila mara, ndiyo, aliiosha vizuri sana, kisha akairudishia juu yake chembe zilezile, tone kwa tone, hata siku ya ngozi na unga mweupe. Hapo akakumbuka bata wa Abdias na lile tope la mlangoni. Mzee ana kisima uani. Kila akibadili unga alimwaga ndoo nje, akajaza kopo upya, bila kufikiri, kama mtu anavyopepesa macho. Angewezaje kumwambia mwingine jambo ambalo yeye mwenyewe hakujua kwamba analifanya?

Ungedhani Kyakimwa alifurahi. Lakini maji mapya yangetoka mgongoni mwa Marie-Jeanne. Alijaribu kwanza njia zake: akachuja maji kwa kitambaa, akayaacha yatulie mpaka kesho yake. Chembe kubwa zilibaki, lakini kulikuwa na zingine nyembamba, zinaelea tu, hazitaki kutua, na nyuzi zikarudi juu ya jiwe, chache zaidi, lakini ni zile. Na kule bondeni kiangazi kilikuwa kimefinya chemchemi. Wanawake wanapanga foleni tangu alfajiri, mrija unatoa maji membamba kama kamba ya kiatu.

Marie-Jeanne ndiye aliyemuuliza.

“Wifi, tangu siku ile haucheki. Nilikukwaza?”

“Hapana. Ulisema ukweli.” Kyakimwa alitazama kijiti mkononi. “Jiwe inataka maji mupya. Kila nikibadilisha unga, maji mupya. Na ile ya mwisho ikuwe safi kabisa, kama ya kunywa.”

“Bidon ngapi?”

“Moja kwa jiwe. Labda na nusu.”

“Kwa jiwe moja?”

“Kwa jiwe moja.”

Marie-Jeanne aliangalia lile jiwe la rangi ya chai. Akaondoka, na Kyakimwa akasikia mlango wa jikoni, kisha mlango wa uzio. Jua lilikuwa kali, saa ambayo hakuna mtu anayekwenda bondeni. Alikaa akijiambia kwamba amesema vibaya. Angeweza kunyamaza. Maharagwe yangekuja, chuma kingeenda, na yeye angerudi kwenye kiti.

Baadaye sana Marie-Jeanne alirudi, kamba bado iko kwenye paji la uso, mgongo umelowa. Akageuka nyuma, akaliteremsha bidon taratibu kwenye kizingiti.

“Hii ya jiwe,” alisema. “Usipikie.”

Kyakimwa alifanya kazi asubuhi iliyofuata. Aliosha beseni, aliosha mrija, aliosha mikono mpaka kwenye viwiko kama daktari. Kila alipobadili unga, alibeba ndoo kwa mkono mmoja na fimbo kwa mkono wa pili, akaenda kumwaga nje kwenye mgomba. Mara ya kwanza mkono ulikataa. Alisimama na ndoo pale muda, maji yenyewe bado yalikuwa meupe, yangeweza kuosha kitu. Akamwaga.

Siku magunia yalipofika, wapagazi walikuwa tayari uani, mmoja ameinama na gunia mgongoni, anasubiri aambiwe wapi. Lusenge alisimama mlangoni mwa dépôt. Kyakimwa hakuinuka. Alinyosha mkono, akampa kijiwe.

Lusenge alikigeuza kuelekea mwanga. Akasogeza uso karibu. Ndani yake kulikuwa na dirisha, dogo kama punje ya mchele, na fito zake zote, na nje ya fito mtu anapita barabarani na mwavuli. Akakiangalia muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

“Patron, hii gunia inanimaliza,” mpagazi alisema.

“Peleka mu salon.”

“Mu salon?”

“Sogeza viti. Weka pale.”

Mwaka ule walikula chakula wakiegemea magunia, na wageni wa Lusenge walikaribishwa juu ya maharagwe. Kyakimwa alibaki na chumba chake. Hivi leo ukipita Mususa asubuhi unaweza kuisikia ile sauti moja ya jiwe linaloshikwa vizuri. Mvua zikianza, bati linajaza pipa lililowekwa tangu hapo na hakuna tatizo. Kiangazi, ni mgongo wa Marie-Jeanne.

Limebaki jambo moja tu, na mimi limenishinda. Mtengeneza pete mmoja wa mjini, Henri, aliliona lile jiwe la kwanza kufunguka, akalitaka. Kyakimwa akamwambia si lake, aongee na Marie-Jeanne. Marie-Jeanne alikuwa akichambua maharagwe, hakuinua kichwa.

“Mi sikutengeneza jiwe. Mi nilibeba maji.”

“Mi nilikaa tu kwenye kiti,” Kyakimwa alisema. “Maji ndiyo ilifanya.”

“Basi ni ya mwenye chumba.”

“Mwenye chumba alitoa nafasi. Je, alipanda mulima?”

Henri alingoja, akatazama huku, akatazama kule, akaenda zake. Jiwe liko bado ndani ya kikombe jikoni, kati ya chumvi na kiberiti, na wote wawili wanalifuta vumbi. Nimewauliza wanawake kwenye foleni ya chemchemi. Nusu wanasema hivi, nusu wanasema vile, na bidon zinajaa bila jibu. Wewe uliyesikia yote tangu mwanzo, unasema jiwe lile ni la nani?